Kwikwi ya Gambuti

Katika karakana yetu ya michoro wanaume walichora na wanawake tulipaka rangi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote. Ilikuwa hivyo tu, kama mlango wa choo ulivyokuwa wa kufungwa kwa waya. Tulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia, Barabara ya St. Clair, Cleveland. Tangu nianze kazi pale mwaka 1976 nilikuwa nimepaka rangi matairi yanayocheka, benki zenye mikono na miguu, na soseji moja iliyoimba. Bosi wetu, Len Fasano, alichora. Harold Pruitt naye alichora, mpaka Septemba ya mwaka 1980 alipohamia Florida kwa sababu ya magoti ya mkewe, akaiacha meza yake.

Meza ya mchoraji ina duara la kioo katikati, taa chini ya kioo, na vijiti vitatu vya chuma vya kushika karatasi isisogee, ili uone mchoro wa mwanzo kupitia mchoro unaofuata. Niliitaka meza ile. Katika miaka minne nilikuwa nimemwomba Len mara nne, na mara zote nne alinijibu, "Berna, meza ikipatikana." Sasa ilikuwa imepatikana, naye alikuwa amepanga juu yake maboksi ya mikebe ya rangi.

"Meza imepatikana, bosi," nilimwambia.

"Ile? Ile ni stoo."

"Tangu lini?"

"Tangu Harold aondoke."

Oktoba ikaja kazi ya Puddle. Puddle ilikuwa stesheni mpya ya watoto, ya televisheni ya waya, na ofisi zake zilikuwa Columbus. Jina lake maana yake ni dimbwi, lile la mvua, ambalo mtoto hawezi kulipita bila kuliingia. Walitaka nembo inayotembea, ya sekunde kumi, ya kuonyesha kati ya kipindi na kipindi: gambuti jekundu linakuja likirukaruka kutoka kushoto, linajirusha juu kabisa, linatua dimbwini, na maji yanayotapakaa yanageuka kuwa herufi za jina la stesheni.

Sekunde kumi ni michoro mia na ishirini, kila mmoja ukipigwa picha mara mbili. Len alichora kumi na miwili, ile mikubwa: gambuti chini, gambuti hewani, gambuti majini. Mia na minane iliyobaki, ya kulitoa gambuti hapa na kulifikisha pale, hakuwa na muda nayo, kwa sababu watu wa matairi walikuwa wamerudi. Akanipa mimi, kwa sharti kwamba nisiite kuchora.

"Unajaza katikati tu," alisema.

Nikajaza katikati nyumbani, juu ya meza ya jikoni ya mama yangu, kwa kioo nilichokitoa kwenye fremu ya picha ya harusi yake na taa niliyoiweka juu ya kigoda. Nikanakili michoro yote kwenye plastiki angavu, nikaipaka nyekundu, nikaandika namba pembeni, moja hadi mia na ishirini.

Kwenye namba kulikuwa na sheria nyingine, na hii ilikuwa na sababu. Sita ukiipindua ni tisa. Kwa hiyo kila namba yenye sita au tisa hupigwa mstari chini yake, ili msomaji ajue chini ni wapi. Mpakaji rangi hufundishwa hilo siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa pa kutundika koti. Lakini Ijumaa ya kumalizia, nikiwa karakanani, mama alikuwa kwenye gari chini, anapiga honi, bingo ya parokia inaanza saa moja. Niliharakisha. Namba mbili zikapita bila mstari, na mimi sikujua.

Plastiki zikaenda kwa Otto Hlavacek, mpiga picha wetu, mtu wa miaka sitini na tatu, mwenye chumba chake nyuma ambacho madirisha yake yalipakwa rangi nyeusi. Kamera yake ilining'inia kutoka darini ikitazama chini. Otto aliweka plastiki, akabonyeza mara mbili, akaitoa, akaweka nyingine. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya hivyo. Filamu ikaenda kusafishwa, ikarudi Jumatatu. Len aliipitisha kwenye kimashine cha kutazamia huku simu imebanwa begani, akigombana na watu wa matairi. Akainua kidole gumba. Mkebe ukapanda basi la saa nane kwenda Columbus.

Hatukuiona kwenye televisheni. Waya ulikuwa haujafika upande wetu wa mji, na meya alikuwa bado anabishana na baraza kuhusu nani auchimbie.

Baada ya majuma mawili Judith Ostrow wa Puddle alipiga simu. Len alikuwa na mtindo wa kuweka habari njema kwenye spika ili sote tusikie, kwa hiyo tulisikia.

"Len, watoto wanaisubiri ile kwikwi," sauti ilisema. "Tunapata barua. Zimeandikwa kwa kalamu za rangi, nusu hazisomeki, lakini ni barua."

"Kwikwi," Len alisema, kwa uso wa mtu anayejua.

"Ile maji yanaporuka kabla gambuti halijafika. Halafu gambuti linarudi hewani, tap, kama limesahau kitu. Nani aliwaza hivyo?"

"Tunajaribu mambo."

"Tunataka nembo nyingine sita. Kila moja na kwikwi yake. Nionyeshe moja kwanza, Ijumaa ijayo."

Len alikata simu, akatuangalia mmoja mmoja.

"Kwikwi gani?"

Jumamosi alinichukua hadi kwa shemeji yake Marlene, kitongoji cha kusini, ambako waya ulikuwa umefika. Tulikaa kwenye sofa lenye nailoni, tukapewa kahawa na keki ya tufaha. Watoto watatu wa Marlene walikuwa jikoni wakipigania kitu. Kipindi kikaisha, ukaanza wimbo wa Puddle, na watoto wote watatu wakaja mbio, wakasimama mbele ya televisheni kama wamepangwa na mwalimu.

Gambuti likaruka, likajirusha juu. Na kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, kabla halijaanza kushuka, maji yalikuwa tayari yametapakaa kila mahali, kisha hayapo, gambuti lipo hewani kama kawaida. Likatua. Maji yakaruka, na katikati ya maji, tap, gambuti likaonekana tena juu, halafu likatoweka, na herufi zikajipanga.

Mtoto wa mwisho, Denise, alianguka chini kwa kicheko. Hakuigiza. Miguu ilimwishia nguvu.

"Limekosea tena," kaka yake alisema. "Kila siku linakosea."

"Halijakosea," Denise alisema pale chini. "Limeona kwanza."

Len alikuwa amekunja uso. "Mimi sikuchora hivyo," aliniambia kwenye gari. "Wewe ulichora hivyo?"

"Hapana," nikasema, na ilikuwa kweli.

Jumatatu niliwahi kabla ya wenzangu, nikazitoa plastiki kwenye sanduku. Haikuchukua muda. Sitini na nane: gambuti juu kabisa. Themanini na tisa: maji yametapakaa. Zote mbili hazina mstari. Geuza 68 juu chini, unasoma 89. Geuza 89, unasoma 68. Zilikuwa zimepigwa picha kila moja mahali pa mwenzake.

Nikaenda nazo chumba cha nyuma. Otto alikuwa anakunywa kahawa ya chupa yake, gizani, kama kawaida yake.

"Otto, rundo la gambuti lilikuangukia?"

"Nani kasema?"

"Nauliza."

"Liliteleza kidogo. Nikalipanga upya. Nilikuwa nimesimama upande ule wa meza." Aliweka kikombe. "Kwa nini?"

Nilimwonyesha plastiki moja. "Hii ni namba ngapi?"

Aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka chini ya taa mpaka pua yake ikaigusa.

"Umeandika kwa unyoya wa njiwa?" alisema.

"Nimeandika kama siku zote. Ni ngapi?"

"Themanini na tisa."

"Ni sitini na nane. Umeishika juu chini, na hata hivyo ulikisia."

Akairudisha. Halafu akasema jicho la kushoto lilikuwa na ukungu tangu kiangazi, na la kulia lilikuwa linamwiga mwenzake. Daktari alitaka kupasua. Otto hakutaka kupasuliwa. Alikuwa anajua namba kwa mpangilio wa rundo, na mistari yetu ya chini ilimsaidia, ilikuwa mirefu kuliko namba.

"Len anajua?"

"Len akijua, Ijumaa kiti hiki kina mtu wa Detroit. Na wewe ulisahau mistari, binti Kuzma, kwa hiyo usinitazame kama padri."

"Sikutazami kama padri."

"Una uso huohuo. Mama yako pia anao."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mimi peke yangu nilijua kwikwi ilitoka wapi, na niliona wazi kwamba ingeweza kuninunulia meza. Lakini nisingeweza kueleza 68 na 89 bila mtu kuuliza mpiga picha alikuwa anaangalia wapi. Nikanyamaza siku mbili, nipime.

Siku hizo mbili Len alijaribu kuichora kwikwi mwenyewe. Alilichorea gambuti mashavu, yakavimba, likatetemeka, likatoa mapovu. Alifanya kazi nzuri. Len alikuwa mchoraji mzuri, lazima niseme. Alipeleka filamu ya majaribio Columbus, isiyo na rangi, na Judith Ostrow alipiga simu Jumatano asubuhi. Len hakuweka spika, lakini sauti ya Judith haikuhitaji spika.

"Hilo gambuti linaumwa, Len. Tuliwaonyesha watoto kumi na wawili. Mmoja aliuliza kama litakufa."

Len aliweka simu chini polepole. Rosemary Gill, tuliyekuwa tunapaka naye, alinong'ona, "Lipelekeni hospitali," na mimi nikajifanya nasafisha brashi.

Mchana nilimfuata mezani kwake.

"Najua kwikwi inatengenezwaje."

"Sema."

"Nataka meza ya Harold."

"Sema kwanza, Berna, meza baadaye."

"Nimekaa kwenye baadaye miaka minne, bosi. Toa maboksi, nitasema."

"Unanitisha ndani ya karakana yangu?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Kuna jamaa wa Detroit," alisema. "Amefanya kazi na watu wakubwa. Anaweza kuanza Jumatatu."

"Atajuaje kwikwi?"

"Ataitafuta. Ndiyo kazi yake."

"Kuitafuta si kuipata. Wewe umeitafuta, limetoka gambuti lenye homa."

Rosemary alikohoa. Len akawa mwekundu hadi masikioni, na nadhani angenifukuza papo hapo, ila simu ililia. Ilikuwa Judith tena. Alikuwa na haraka, alikuwa na mkutano na watu wenye fedha zao, na hakutaka kusikia mazungumzo ya Len.

"Niweke kwenye spika," alisema, na Len akaweka. "Mko hapo wote? Nani alitengeneza ile ya kwanza? Sitaki jina la kampuni. Nataka mtu."

Otto alikuwa ametoka chumbani kwake kutafuta sukari, amesimama mlangoni na kikombe.

"Mimi nilichora michoro ya katikati," nikasema. Len alifumba macho niliposema kuchora. "Naitwa Bernadette Kuzma. Kwikwi ni kosa. Niliandika sitini na nane na themanini na tisa bila kuziwekea mstari, zikapigwa picha kila moja mahali pa mwenzake. Ni hilo tu."

"Kosa," Judith alisema.

"Ndiyo."

"Unaweza kulikosea tena?"

"Kukosea siwezi tena, sasa nimeshajua. Lakini naweza kuchora gambuti linalokwenda sawasawa kabisa, bila kwikwi yoyote, halafu tukabadilisha nafasi za michoro miwili. Ndiyo maana alichochora Len hakikuchekesha. Mtoto anaona gambuti limetaka kuchekesha. Lile la kwanza halikutaka kitu."

Len alifumbua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama Otto.

"Zilipita mkononi mwako," alisema. "Umeweka plastiki yenye maji mahali pa plastiki yenye gambuti hewani. Gambuti jekundu, Otto. Hukuona?"

Nilimwona Otto akitafuta mahali pa kuweka kikombe. Rosemary alimsogezea kiti, lakini Otto hakukiona, akaweka kikombe juu ya boksi.

"Niliona," Otto alisema.

"Uliona."

"Niliona nilipoweka ya kwanza. Nikasema hii si yenyewe. Halafu nikasema, ngoja kwanza. Nikaiacha. Ilipofika zamu ya themanini na tisa nikaweka ile nyingine makusudi, ili deni liishe."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na matairi."

Ulikuwa uongo mtupu, na ulitoka mdomoni mwake umenyooka kama kitu kilichofanyiwa mazoezi. Nilielewa mara moja uongo huo ulinifanya nini. Kama Otto ndiye aliyeiacha kwa makusudi, basi mwenye kwikwi alikuwa Otto, nami nilikuwa mpakaji rangi aliyesahau mistari. Plastiki zile mbili, nilizokuja nazo, zilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuinua moja tu, popote pale chumbani, nikamwambia aisome.

Sikuinua.

"Sawa, ni ninyi wawili," Judith Ostrow alisema ndani ya spika, akigeuza karatasi. "Bernadette anachora, Otto anapiga, na nataka iandikwe hivyo kwenye makubaliano. Nina watu wananisubiri. Ijumaa, Len, itakuwa ngumu. Jumatano ijayo."

Simu ikakatika. Len alikaa akiitazama kwa muda, kisha akaondoka kwenda kuzungumza na watu wa matairi ana kwa ana, jambo ambalo hakuwahi kulipenda. Maboksi hakuyatoa. Niliyatoa mimi, mimi na Rosemary, na chini ya boksi la mwisho tulikuta kalamu tatu za Harold na nusu ya sandwichi ambayo hatukuichunguza.

Kazi ya kwanza niliyochora kwenye meza ile ilikuwa gambuti linalojaribu kuingia dimbwini kwa adabu, likionja maji kwa ncha. Nilichora yote mia na ishirini, mikubwa na ya katikati. Len alipita nyuma yangu mara kadhaa. Mara ya tatu aliinama, akapindua karatasi tano za mwisho kwa kidole aone zinavyotembea, akasema kisigino kinaelea. Kisigino kilikuwa kinaelea. Nikakirekebisha.

Jumatatu niliingia na rundo chumba cha nyuma, nikafunga mlango.

"Hukuona," nilimwambia Otto.

"Sikuona."

"Sasa mbona ulisema uliona?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mimi kipofu na wewe mzembe? Angewaita watu wawili kutoka Detroit, si mmoja." Alipapasa swichi, akawasha taa za kamera. "Pia niliona unavyozitazama hizo plastiki. Nikasema, huyu ama ataniua ama hataniua, tujue sasa hivi."

"Nilifikiri."

"Najua. Ulichukua muda."

Nikavuta kigoda. Kuanzia siku ile ikawa hivyo: siku tatu nachora, na siku ya nne, ambayo ingekuwa ya kuchora, nakaa gizani nikimsomea Otto namba, moja baada ya nyingine, naye anaweka na kubonyeza. Len alidhani tunatafuta mahali pa kwikwi. Ilichukua saa saba kwa kila filamu. Mgongo uliuma, na nilipotoka nje mwanga ulinichoma. Sikuwahi kumwambia Otto kwamba nilikuwa nimeitaka ile meza kwa siku zote za juma.

"Arobaini na moja," nilisoma.

Akaweka, akabonyeza mara mbili. "Kuna nini kwenye arobaini na moja?"

"Ncha imegusa maji."

"Na hamsini na nne?"

"Limerudi nyuma, limejikunja."

Alifikiri, mkono juu ya kitufe. Alikuwa amepiga picha elfu nyingi za vitu vinavyosogea kidogo kidogo, na alikuwa nazo vidoleni, hilo sitamnyima. "Badilisha hizo mbili," alisema. "Arobaini na moja kwa hamsini na nne."

"Hapana. Arobaini na saba kwa sitini."

"Kwa nini?"

"Kwenye sitini limeshalowa mpaka juu. Mtoto akiona limelowa wakati bado linaonja, atacheka."

"Miaka ishirini na miwili nipo hapa, nawe una siku nne kwenye meza."

"Mchoraji ni mimi, Otto."

Akanuna kidogo. Halafu akaichomoa arobaini na moja kwenye vijiti, akanyoosha mkono gizani nimpe arobaini na mbili.